Claudette Gaboury na Mfuko wa Makaburi

Claudette Gaboury alikuwa mweka hazina wa mji wa Tarbell kwa miaka mingi kiasi kwamba watoto waliofika dirishani pake wakiwa wameshika makoti ya mama zao walikua, wakaoa na kuolewa, wakarudi kwenye dirisha lilelile kulipa kodi ya nyumba zao wenyewe. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa katika Barabara ya Chini, na kazi yake ya kwanza ya hesabu ilikuwa kuandika uzito wa maziwa ya kila ng'ombe kwa chaki ukutani. Aliolewa na Leon Gaboury, dereva wa greda la mji, mtu mpole aliyetuondolea theluji usiku tukiwa tumelala. Leon alikufa kwa ugonjwa wa moyo majira ya matope, theluji ikiyeyuka, kabla nyasi hazijaota. Baada ya hapo, ile ofisi ndogo nyuma ya ukumbi wa mji ilikuwa kwa Claudette zaidi ya kazi. Mshahara wake haukuwa mkubwa, lakini ulikuja na bima ya matibabu, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Tena pale alikuwa na watu wa kuzungumza nao.

Kila mwaka wa tatu, Jumanne ya kwanza ya Machi, tulimchagua tena. Hakuna aliyewahi kushindana naye.

Mji mdogo kama wetu huendeshwa kwa mifuko. Upo mfuko mkuu, unaolipia ofisi, maktaba na taa za njiani. Upo mfuko wa barabara. Upo mfuko wa maji, unaojilisha wenyewe kama duka: wanaokunywa maji ya bomba kijijini ndio wanaouchangia, na sisi wa milimani wenye visima vyetu hatuna letu humo. Ipo akiba ya gari la zimamoto. Na upo mfuko wa makaburi. Fedha zake zilitolewa na familia, moja baada ya nyingine, tangu zama za mababu, kwa sharti moja: mtaji hauguswi kamwe, ila faida yake ndiyo ikate nyasi na kusimamisha mawe yaliyoanguka, milele. Neno milele limeandikwa kwenye kila hati.

Mgeni aliyeingia katika halmashauri na kushangaa kwamba fedha zote hizo hukaa katika akaunti moja ya benki, Claudette alimweleza kwa friza. Kila nyumba ya Tarbell ina friza kubwa barazani au gerejini, na msimu wa uwindaji ukiisha, asiye na nafasi huweka kwa jirani nyama yake ya kulungu, imefungwa kwenye karatasi na jina limeandikwa juu.

"Friza ni moja," alisema, "lakini nyama zina majina. Ukifungua ukaona imejaa, usiseme una chakula. Soma majina kwanza."

Armand Gaboury, mdogo wake Leon na mwenyekiti wa halmashauri, alikuwa akimtania kila bajeti ilipokaribia.

"Shemeji, mfuko wa maji umeshiba, wa barabara unalia njaa. Hawa si ndugu?"

"Ni ndugu, shemeji. Lakini kila mmoja ana mke wake."

"Na wewe ni mama mkwe wao wote!"

"Ndiyo. Kwa hiyo futa miguu kabla hujaingia."

Ndivyo alivyokuwa, na ndiyo sababu mambo ya Julai ile yalituuma sana.

Mvua ilinyesha usiku na mchana, ardhi ikashindwa kuinywa. Kijito cha Sawyer, ambacho wakati wa kiangazi mtoto hukivuka bila kulowesha magoti, kiliichukua Barabara ya Cutler pamoja na daraja lake. Nyumba zote za juu zikakatiwa njia. Mama Tatro, anayeishi huko kwa hewa ya mitungi, alibaki na mtungi mmoja, na vijana wa zimamoto wakawa wanampelekea mingine kwa miguu, msituni, wameibeba mgongoni.

Armand alifika ofisini na buti zenye matope hadi magotini. Safari hiyo hakufuta miguu.

"Shemeji, mwenye malori anataka hundi yake leo. Asipopata, kesho changarawe yake inakwenda mji wa pili. Kila mji unamlilia."

"Mfuko wa barabara umekauka, Armand. Ulikauka juzi."

"Na benki?"

"Benki fedha zipo."

"Basi andika."

"Zilizopo si za barabara."

Zilikuwa za makaburi. Kwa kawaida fedha hizo hufungiwa benki katika amana ya miaka kadhaa, mbali na matumizi ya kila siku. Amana ilikuwa imekomaa mwezi Juni, fedha zikaingia katika akaunti ya pamoja zikisubiri wadhamini wa mfuko huo wakubaliane mahali pa kuziweka tena. Mvua ikazikuta hapo.

"Itisha halmashauri," Claudette alisema. "Mpige kura, twende benki tukakope. Kesho kutwa tutakuwa na fedha."

"Kesho kutwa!" Armand alipiga meza. "Wawili kati yetu wamekwama ng'ambo ya mto, simu hazishiki. Mama Tatro yuko kwenye mtungi wa mwisho, na wewe unanihubiria habari za mifuko? Serikali kule Washington itarudisha. Kila mafuriko hurudisha gharama."

Claudette aliandika hundi. Aliandika nyingine wiki iliyofuata, na nyingine tena, hata baada ya mto kushuka na wajumbe wote kuweza kukutana mezani. Katika vitabu vyake aliingiza kila hundi ilivyo: mfuko wa barabara umechukua, mfuko wa makaburi unadai. Halmashauri ilipitisha orodha za malipo kila wiki bila kuuliza fedha zinatoka mfuko gani, naye hakuwaambia. Daraja lilisimama kabla ya majani kugeuka rangi. Mama Tatro alishuka kwa gari la mwanawe, akatununulia sote aiskrimu.

Novemba, msaada wa serikali ulifika, nao ulikuwa pungufu. Kazi zilizotolewa kwa mkandarasi bila kulinganisha bei, waliandika, hazirudishiwi gharama. Tulikuwa tumempa kazi mtu wa kwanza mwenye malori, kama mji wowote uliozama ungefanya. Katika mfuko wa makaburi likabaki shimo la dola elfu sitini na moja, na hapakuwa na kitu kinachokuja kulijaza.

Januari ni mwezi wa kuandaa ripoti ya mji, kitabu chembamba kinachotumwa kila nyumba kabla ya mkutano wa Machi. Hesabu za mifuko hukaa katikati yake, kila mfuko na safu yake, na mwisho wa safu kilichobaki humo. Ukurasa wa kwanza huwa wa heshima: kila mwaka huchaguliwa mtu mmoja, ikachapishwa picha yake na maneno machache ya kumshukuru. Watu huufungua huo kabla ya ukurasa wowote.

Armand alikuja na sanduku la maandazi yenye sukari ya mepo, ile inayopikwa kwa utomvu wa mti, akaliweka juu ya karatasi za Claudette.

"Toa sanduku lako juu ya mfuko wa maji," Claudette alisema.

"Kula kwanza. Nina habari njema. Mwaka huu ukurasa wa heshima ni wako. Tumepiga kura, wote watano. Tuna picha yako ukiwa na Leon kwenye greda."

Claudette alisogeza sanduku taratibu, akamwonyesha safu aliyokuwa akiiandika. Armand aliisoma, akakaa.

"Lazima itoke hivi?"

"Itoke vipi tena?"

"Weka jumla. Andika 'Fedha zote za mji, mwisho wa mwaka', basi. Jumla si uongo. Mbona miji mingine inafanya? Wakaguzi wetu ni majirani tu tuliowachagua, nao wanapenda kitabu kifupi. Na tutazirudisha kidogo kidogo, nani atajua?"

"Jumla ni kweli inayojibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mtu anauliza, fedha ya kukatia nyasi kaburi la mume wangu ipo? Wewe unamwambia, friza imejaa."

"Nani anasoma zile safu, Claudette? Sema kweli."

"Hester Quimby anasoma."

"Hester anasoma mpaka bei nyuma ya kitabu cha dini!" Armand alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Sikiliza. Mwaka huu ni mwaka wako wa kura. Ukiliandika hilo, Machi hawakuchagui."

"Najua."

"Bima yako je? Na magoti hayo?"

"Najua, Armand."

"Basi andika kwamba ni mimi niliyekuagiza. Nitalibeba."

"Wewe uliagiza. Kalamu ilikuwa yangu. Na ile hundi ya kwanza ningeweza kuitetea, Mungu akinisaidia. Ya pili na ya tatu mto ulikuwa umeshashuka."

Claudette alifunga sanduku la maandazi, akamrudishia.

"Kurasa zimejaa, na mchapaji anatoza kila ukurasa unaozidi," alisema. "Jambo hili linahitaji maelezo, safu peke yake haitoshi. Nipeni ule ukurasa wa picha."

Kwa hiyo Februari, tulipokichukua kitabu posta na kufungua ukurasa wa kwanza kuona ni nani wa mwaka huu, hatukuona picha. Tuliona maneno haya:

"Mwezi Julai nilianza kulipa bili za barabara kwa fedha za mfuko wa makaburi. Halmashauri haikupiga kura ya kukopa, nami sikuidai kura hiyo. Dola elfu sitini na moja hazijarudishwa, na hakuna msaada mwingine unaotarajiwa. Fedha hizo zilitolewa kwa sharti kwamba mtaji hautaguswa. Uliguswa. Hundi zina sahihi yangu. C. Gaboury, mweka hazina."

Posta ilijaa maneno wiki nzima.

"Eti babu yangu ndiye aliyejenga daraja la Cutler."

"Alikuwa mvivu akiwa hai. Mwache afanye kazi kidogo."

"Wewe cheka. Mimi nimemlipia mama yangu pale, na mahali pangu mwenyewe pia."

"Lakini hakuiba senti."

"Nani kasema kaiba? Ungekuwa wizi ningejua la kusema."

Siku ya mkutano theluji ilikuwa imeanza kulainika, na ukumbi ulinuka sufu mbichi na maharage yaliyokuwa yakiokwa jikoni kwa chakula cha mchana. Claudette alikaa mahali pake pa siku zote, meza ya mbele, ubavuni mwa halmashauri. Mwendesha mkutano alisoma ibara ya pili ya ajenda, kusikiliza ripoti za viongozi, na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Hester Quimby.

Hester alikuwa mzee kuliko wengi wetu. Kila Mei alilikagua kila kaburi kwa miguu, akiwa na chupa ya maji na brashi. Alisimama akishika kiti cha mbele yake.

"Claudette, mwanangu. Nilipomzika Carroll niliuza ng'ombe wawili nikakuletea fedha. Ulinipa hati. Nikakuuliza, hii ni milele kweli? Ulinijibuje?"

"Nilikujibu ndiyo, Bibi Hester."

"Uliposaini ile hundi, ulijua ni fedha ya nani?"

"Nilijua."

"Siku ileile? Hukuja kugundua baadaye?"

"Siku ileile."

"Basi niambie kwa nini. Siulizi kwa ubaya. Nataka nijue."

Claudette alisimama.

"Kwa sababu Mama Tatro alikuwa akipiga simu," alisema. "Mwenye malori alikuwa akipiga simu. Kila mtu wa mlimani alikuwa akipiga simu. Wafu hawakupiga. Nilikuwa mimi peke yangu niliyewekwa pale kuwasemea, nami sikuwasemea."

Roy Tatro aliinuka nyuma bila kuomba nafasi. "Mama yangu yuko hai! Yuko nyumbani sasa hivi anatazama televisheni. Mnataka nini zaidi?"

"Roy, omba nafasi," mwendesha mkutano alisema.

"Mwache," alisema Hester. "Roy, mwanangu, mama yako ni rafiki yangu tangu shule. Nafurahi yuko hai. Ningezitoa fedha za Carroll kwa mikono yangu miwili, na Carroll asingenuna. Lakini hakuna aliyeniomba. Hilo tu. Nyumba yangu iko upande huu wa mto. Simu yangu ilikuwa inafanya kazi."

Alikaa. Armand aliomba nafasi, akasema kwamba yeye ndiye aliyeagiza malipo na kwamba aibu ni ya halmashauri yote. Watu walimsikiliza kwa heshima. Lakini macho yao hayakuwa kwake.

Ibara ya tatu ilikuwa uchaguzi. Mtu alilitaja jina la Claudette, akaungwa mkono. Kisha, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zetu, sauti nyingine ikataja jina lingine: Dana Prouty, anayetunza hesabu za duka la chakula cha mifugo. Tulipanga mstari, tukatumbukiza vipande vya karatasi katika sanduku la mbao. Nilimwona mtu mzima, mkulima, akisimama na kalamu mbele ya karatasi yake muda mrefu, akilia bila kujificha, kisha akaandika na kuikunja. Sijui aliandika jina gani. Mimi najua nililoandika, na hata leo sijaona kama nilifanya vema au vibaya.

Dana alishinda. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa wazi.

Hapakuwa na makofi. Kwa desturi yetu aliyechaguliwa huenda meza ya mbele papo hapo. Dana alipofika alikuwa amewiva uso kwa haya.

"Mama Claudette, mimi sikutaka iwe hivi."

"Kaa, mwanangu. Mkutano unaendelea."

Claudette alikusanya miwani na sweta lake, akaondoka mezani. Tulidhani angetoka nje, na nadhani wengi wetu tulitamani atoke, maana ingekuwa rahisi zaidi kwetu. Badala yake alishuka, akipumzisha goti kila baada ya hatua chache, akapata kiti kitupu katika safu ya karibu na jiko, kati ya watu wasiokuwa na cheo chochote, akakaa.

Tulipitisha mfuko mkuu. Tulipitisha mfuko wa barabara baada ya kubishana kuhusu chumvi ya kuyeyushia barafu kama kila mwaka. Kisha mwendesha mkutano akasoma ibara ya saba: je, mji utakubali kupandisha kodi kwa miaka mitatu ili kuurudishia mfuko wa makaburi mtaji wake wote, pamoja na faida ambayo mtaji huo ungezaa?

"Nani anatoa hoja?"

Hakuna mkono ulioinuka. Ibara isiyo na mtoa hoja hurukwa, kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Kuadhibu mtu kulikuwa kumetugharimu kipande cha karatasi. Hili lilikuwa la fedha kutoka kila nyumba, na ilikuwa imebaki miezi michache tu kabla ya bili za kodi. Armand aliinamia karatasi zake. Watu wa mlimani walitazama buti zao. Nilimwona Hester akigeuka polepole kututazama sote, safu kwa safu, kwa uso ambao sitaki kuuona tena.

"Mara ya pili nauliza," alisema mwendesha mkutano. "Kuna hoja?"

Kiti kililia karibu na jiko.

"Jina lako, kwa kumbukumbu," alisema mwendesha mkutano. Ndiyo kanuni kwa kila raia anayesema, naye aliitamka kwa mazoea, akaonekana kujuta papo hapo. Katika miaka yote ile mweka hazina hakuwa amehitaji kusema jina lake.

"Claudette Gaboury, Barabara ya Chini. Natoa hoja ibara ya saba ipite kama ilivyosomwa, na faida iliyopotea isipunguzwe."

"Kuna anayeunga mkono?"

"Hester Quimby," alisema Hester, bado amekaa. "Naunga mkono."

Roy Tatro aliuliza itakuwa kiasi gani kwa nyumba ya kawaida. Dana akaanza kupekua kitabu, asiuone ukurasa. Claudette alimtajia kiasi kutoka pale alipokuwa, akaongeza kwamba kwa nyumba yake yeye kingekuwa karibu sawa na kuni za mwezi mmoja wa baridi. Hakusema zaidi ya hapo. Roy alifikiri kidogo, akasema, "Basi sawa."

Tulipiga kura kwa mikono. Ilianza upande wa jiko, mkono wa Claudette ukiwa wa kwanza, ikasambaa kwa kusitasita mpaka mbele, na Armand aliinua wake mwishoni, juu kabisa. Waliokataa walikuwepo, nao walihesabiwa kwa haki. Mwendesha mkutano akatangaza kwamba ibara ya saba imepita.

Claudette akakaa, akavaa miwani, akafungua kitabu chake, maana bado ilikuwapo ibara ya gari la zimamoto.